Kikumbusho cha kiti cha nyuma

Kikumbusho cha kiti cha nyuma ni mfumo wa usalama wa gari unaomkumbusha dereva kuangalia viti vya nyuma kabla ya kuondoka. Dereva anapozima gari, mfumo hutoa sauti ya kengele na kuonyesha ujumbe mfupi kwenye dashibodi. Katika baadhi ya magari hupiga pia honi au hutuma ujumbe kwenye simu ya mwenye gari. Lengo lake kuu ni kuzuia vifo vya watoto wadogo wanaosahauliwa ndani ya gari lililofungwa na kufa kwa joto.

Mfumo huu ulianza kuwekwa kiwandani nchini Marekani mwaka 2016, katika gari la GMC Acadia la toleo la 2017. Baada ya hapo watengenezaji wengi walifuata. Kuna aina kuu mbili. Aina ya kwanza hufuatilia milango: hukumbuka kwamba mlango wa nyuma ulifunguliwa, lakini haijui ni nani au ni nini kiliingia. Aina ya pili hutumia vihisi, yaani vifaa vinavyotambua mwendo au pumzi ya kiumbe hai ndani ya gari.

Tofauti kati ya aina hizi mbili ni muhimu kwa kila mzazi na dereva. Gari lenye aina ya kwanza linaweza kunyamaza ilhali mtoto bado yumo ndani. Kwa hiyo ukimya wa gari si ushahidi kwamba kiti cha nyuma ni kitupu.

Hatari ya gari lililofungwa

Gari lililoegeshwa juani hupata joto haraka. Mwanga wa jua hupita kwenye vioo na kufyonzwa na viti, dashibodi na usukani. Vitu hivyo hupata moto na kuipasha hewa iliyomo ndani, nayo haina pa kutokea.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la kitabibu la Pediatrics ulipima joto ndani ya gari lililoegeshwa juani katika siku ambazo joto la nje lilikuwa kati ya takriban 22 °C na 36 °C. Ndani ya saa moja joto la ndani lilipanda kwa wastani wa takriban 22 °C juu ya lile la nje. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo, kama asilimia 80, ilitokea katika nusu saa ya kwanza. Kuacha vioo wazi kidogo hakukuleta tofauti ya maana. Maana yake ni kwamba hata siku yenye baridi ya wastani, gari linaweza kufikia joto la kuua wakati watu walio nje wanajisikia vizuri kabisa.

Mtoto mdogo huathirika kabla ya mtu mzima. Joto la mwili wake hupanda kwa kasi mara tatu hadi tano kuliko la mtu mzima aliye mahali palepale. Joto la ndani ya mwili likifika karibu 40 °C, mwili hushindwa kujipoza, hali inayoitwa kiharusi cha joto. Likiendelea kupanda hadi karibu 42 °C, ubongo, moyo, ini na figo huharibika na mtoto anaweza kufa. Mtoto aliyefungwa mkanda kwenye kiti chake hawezi kujifungua, hawezi kufungua mlango, na kama amelala huenda asitoe sauti yoyote.

Nchini Marekani takwimu za vifo hivi zimekusanywa kwa miaka mingi na Jan Null, mtaalamu wa hali ya hewa wa Chuo Kikuu cha San José State, California. Kati ya mwaka 1998 na 2023 alihesabu vifo zaidi ya 950, wastani wa takriban 37 kwa mwaka. Mwaka 2018 na 2019 vilizidi 50 kila mwaka. Zaidi ya nusu ya watoto hao walisahauliwa na mtu aliyekuwa akiwatunza. Takriban robo waliingia wenyewe katika gari lililoegeshwa wakashindwa kutoka. Waliobaki, karibu mmoja katika kila watano, waliachwa kwa makusudi na mtu ambaye hakujua ukubwa wa hatari.

Chanzo cha tatizo

Kusahauliwa kwa watoto garini kuliongezeka baada ya mabadiliko yaliyofanywa kwa nia njema. Katika miaka ya 1990 magari mengi nchini Marekani yaliwekewa mifuko ya hewa upande wa abiria wa mbele. Mfuko huo hufumuka kwa nguvu kubwa gari linapogonga, na uliwaua watoto kadhaa waliokuwa wamekaa mbele, hasa wachanga waliowekwa kwenye viti vinavyotazama nyuma. Wataalamu wakawashauri wazazi kuwahamishia watoto kwenye viti vya nyuma, na mtoto mchanga akae akitazama nyuma ya gari.

Ushauri huo ulikuwa sahihi na bado unafuatwa, kwani uliokoa maisha ya watoto wengi katika ajali. Lakini ulimtoa mtoto machoni pa dereva. Kiti kinachotazama nyuma huonekana vilevile kikiwa na mtoto au kikiwa kitupu, na mtoto aliyelala ndani yake haonekani wala hasikiki.

Kwa nini mzazi anaweza kusahau

Watu wengi husikia habari ya mtoto aliyesahauliwa garini na kusema kwamba mzazi huyo hakumjali mwanawe. Matukio yenyewe yanaonyesha vingine. Miongoni mwa waliopatwa na msiba huu wamo walimu, wauguzi, madaktari, askari na viongozi wa dini, akina mama kwa akina baba, matajiri kwa maskini. Mwandishi Gene Weingarten wa gazeti la Washington Post alieleza habari za wazazi hao katika makala ndefu ya mwaka 2009, iliyopata Tuzo ya Pulitzer mwaka 2010.

David Diamond, profesa wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha South Florida, ameeleza kwamba kumbukumbu za namna mbili hushindana katika ubongo wa dereva. Ya kwanza ni kumbukumbu ya mazoea. Ndiyo inayomwezesha mtu kuendesha gari kutoka nyumbani hadi kazini bila kufikiria kila kona. Ya pili ni kumbukumbu ya kusudio, yaani kukumbuka jambo ulilopanga kulifanya baadaye, kama vile kupitia dukani wakati wa kurudi.

Kumbukumbu ya mazoea ina nguvu sana, hasa mtu anapokuwa amechoka, hajalala vizuri au ana mawazo. Aliyepanga kupitia dukani na kujikuta amefika nyumbani bila mkate ameshindwa na kumbukumbu hiyo. Matukio mengi ya watoto hutokea siku ambayo utaratibu umebadilika: anayempeleka mtoto kwa kawaida ni mama, lakini leo amepewa baba, au mtoto amelala njiani na simu ya kazini imeingia. Dereva hufuata njia yake ya kila siku, hushuka, na ubongo wake humwonyesha kwamba mtoto amekwisha kufikishwa. Baadhi ya wazazi wamefika jioni kumchukua mtoto shuleni wakiamini kabisa kwamba walimwacha hapo asubuhi.

Maelezo haya ndiyo msingi wa kikumbusho. Mtu asiyejua kwamba amesahau hawezi kujikumbusha, kwa hiyo kinahitajika kitu kingine cha kumkumbusha.

Historia

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wahandisi wa kituo cha utafiti cha NASA cha Langley, Virginia, walibuni kifaa kilichohisi uzito wa mtoto kwenye kiti chake na kumpa dereva ishara akienda mbali na gari. Kifaa hicho hakikuingia sokoni. Kikwazo kimoja kilikuwa hofu ya kushtakiwa: kampuni ikiuza kifaa cha kumlinda mtoto, nacho kikashindwa siku moja, inaweza kulaumiwa kwa kifo. Kikwazo kingine kilikuwa wazazi wenyewe. Wengi hawakutaka kununua kifaa cha kuzuia jambo waliloamini kwamba haliwezi kuwapata.

Ndiyo maana mfumo unaokuja pamoja na gari ulileta mabadiliko, kwa kuwa mzazi hahitaji kuamini kwamba anaweza kusahau ndipo alindwe. Baada ya kampuni ya General Motors kuanza na GMC Acadia, Nissan ilitangaza mfumo wake mwaka 2017 kwa gari la Pathfinder la toleo la 2018. Mfumo wa Nissan ulibuniwa na wahandisi wawili wanawake. Mmoja wao, alipokuwa mjamzito, alisahau sinia la chakula kwenye kiti cha nyuma usiku kucha, akajiuliza ingekuwaje kama kilichosahauliwa kingekuwa kitu kingine. Hyundai nayo iliweka kihisi cha mawimbi ya sauti katika gari la Santa Fe la toleo la 2019.

Namna kinavyofanya kazi

*Aina inayofuatilia milango*

Kila gari la kisasa lina swichi ndogo kwenye milango, zile zinazowasha taa ya ndani mlango ukifunguliwa. Aina hii ya kikumbusho hutumia swichi hizo hizo pamoja na programu ya kompyuta ya gari, hivyo gharama yake ni ndogo.

Katika mfumo wa General Motors, kompyuta huweka alama mlango wa nyuma unapofunguliwa na kufungwa gari likiwa limewashwa, au ndani ya dakika 10 kabla ya kuwashwa. Safari ikiisha na gari likizimwa, kengele hulia mara tano na ujumbe hutokea mbele ya dereva ukimwambia aangalie kiti cha nyuma. Kisha alama hufutwa.

Mfumo wa Nissan huenda hatua moja zaidi. Hulinganisha mwanzo wa safari na mwisho wake. Kama mlango wa nyuma ulifunguliwa kabla ya safari, lakini haukufunguliwa baada ya gari kusimama na kuzimwa, dereva huonyeshwa ujumbe. Akishuka bila kuufungua mlango huo, honi hulia kwa milio mifupi.

*Aina inayotumia vihisi*

Aina hii hujaribu kutambua kama kuna mtu au mnyama garini. Vihisi vya mawimbi ya sauti hutoa sauti ya juu mno isiyosikika na binadamu, kisha hupokea mwangwi wake. Kitu kikijongea kwenye viti vya nyuma, mwangwi hubadilika. Katika magari ya Hyundai yenye mfumo huo, dereva akifunga milango na kuondoka huku kukiwa na mwendo ndani, honi hulia na ujumbe unaweza kutumwa kwenye simu yake.

Vihisi vya rada ni vipya zaidi. Hutumia mawimbi ya redio ya masafa ya karibu gigahezi 60, ambayo yanaweza kutambua kupanda na kushuka kwa kifua cha mtoto anayepumua, hata akiwa amelala chini ya blanketi. Mwaka 2021 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilitoa vibali maalumu kwa kampuni kadhaa kutumia rada za namna hiyo ndani ya magari.

*Vifaa vya nje ya gari*

Kwa wasio na gari jipya kuna vifaa vinavyouzwa peke yake. Kampuni ya Evenflo ilianza mwaka 2015 kuuza kiti cha mtoto ambacho kifungo chake cha kifuani huwasiliana na kifaa kinachochomekwa kwenye gari. Gari likizimwa kifungo kikiwa bado kimefungwa, kengele hulia. Pia kuna vitambaa vya kukalia vyenye kihisi cha uzito vinavyowasiliana na simu. Programu ya ramani ya Waze ina ukumbusho wa mtoto tangu mwaka 2016: dereva akifika mwisho wa safari, simu humwonyesha ujumbe wa kuangalia gari. Ukumbusho huo hauji wenyewe. Sharti mtumiaji auwashe katika mipangilio.

Mapungufu

Kikumbusho kinachofuatilia milango kina mipaka ambayo mtumiaji anapaswa kuijua.

Mpaka wa kwanza ni safari yenye vituo. Tuchukue mfano wa mzazi anayempakia mtoto nyuma saa moja asubuhi. Njiani anasimama kituo cha mafuta na kuzima gari. Kengele inalia, naye anajua kwamba mtoto yupo, anajaza mafuta na kuondoka. Kwa kuwa hakufungua tena mlango wa nyuma, katika mifumo mingi hakuna alama mpya. Akifika kazini na kuzima gari, hakuna kengele. Mfumo umefanya kazi yake sawasawa kama ulivyotengenezwa, lakini ukumbusho ulitolewa mahali ambapo haukuhitajika na ukakosekana mahali ulipohitajika.

Mpaka wa pili ni mtoto kuingia kwa mlango wa mbele na kupenya nyuma, au kupakiwa mapema kuliko muda ambao mfumo unauangalia. Katika hali hizo mfumo hauna habari zozote.

Mpaka wa tatu ni mazoea. Dereva anayeweka mkoba wake nyuma kila siku husikia kengele kila siku, na baada ya wiki chache haisikii tena, kama vile mtu anayeishi karibu na reli asivyosikia treni. Wengine huchoshwa na kelele na kuzima mfumo kabisa, jambo ambalo magari mengi huruhusu. Gari likiuzwa, mnunuzi anaweza kulipokea mfumo ukiwa umezimwa bila kujua.

Mpaka wa nne ni watoto wanaoingia wenyewe katika gari lililoegeshwa nyumbani. Hawa ni takriban robo ya waliokufa nchini Marekani, na kengele inayolia safari inapoisha haiwasaidii kwa lolote, kwa sababu hakukuwa na safari.

Aina ya vihisi hupunguza mapungufu hayo, lakini nayo si kamilifu. Kihisi cha mawimbi ya sauti kinaweza kumkosa mtoto aliyelala bila kujongea, au kushtuliwa na kitu kingine kinachotikisika. Kihisi cha uzito hakiwezi kutofautisha mtoto na mfuko wa mchele. Rada hufanya vizuri zaidi, lakini bado hupatikana katika magari machache, hasa ya bei ya juu.

Sheria na makubaliano

Mnamo Septemba 2019 watengenezaji 20 wa magari walikubaliana kwa hiari kuweka kikumbusho katika takriban magari yao yote mapya ya abiria yanayouzwa Marekani ifikapo toleo la 2025. Makubaliano hayo yalitaka angalau ishara ya sauti na ishara ya kuonekana. Hayakudai gari litambue kama kuna mtoto.

Tarehe 15 Novemba 2021 sheria ya miundombinu ya Marekani iliagiza wizara ya uchukuzi itunge kanuni ya kulazimisha mfumo huo katika magari mapya, nayo ikaipa miaka miwili. Muda huo ulipita kabla kanuni haijatolewa. Familia za watoto waliokufa zimekuwa zikidai kwamba kanuni ilazimishe vihisi, si kengele ya mlango pekee.

Italia ilichukua njia nyingine. Sheria ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Novemba 2019, inamlazimisha kila anayembeba mtoto wa chini ya miaka minne garini kuwa na kifaa cha kuzuia asisahauliwe. Faini zilianza Machi 2020. Ni kati ya euro 83 na 333, na dereva hupunguziwa alama katika leseni yake. Kwa njia hii wajibu uko kwa mzazi, na hata gari la zamani linahusika.

Barani Ulaya taasisi ya Euro NCAP, inayopima usalama wa magari mapya na kuyapa nyota, ilianza mwaka 2023 kutoa alama kwa magari yanayotambua kuwepo kwa mtoto. Taasisi hiyo haitungi sheria, lakini watengenezaji hushindania nyota zake.

Mabasi ya shule

Hatari hii haiko katika magari ya familia tu. Katika basi la shule mtoto anaweza kulala kwenye kiti cha mwisho na dereva akafunga milango akidhani wote wameshuka.

Nchini Korea Kusini, mtoto wa miaka minne alikufa Julai 2018 ndani ya gari la kituo cha kulelea watoto katika mji wa Dongducheon. Serikali iliagiza mwaka huohuo magari ya watoto yawekewe kengele ambayo haizimiki mpaka dereva atembee hadi nyuma ya basi na kubonyeza kitufe. Akiwa njiani kwenda na kurudi, hulazimika kupita kila kiti. Kengele za namna hii zimetumika pia kwa miaka mingi katika mabasi ya shule ya Marekani na Kanada.

Japani ilipata misiba miwili iliyofuatana: mmoja mkoani Fukuoka Julai 2021, na mwingine Makinohara, mkoani Shizuoka, Septemba 2022. Katika tukio la pili dereva wa kawaida hakuwepo siku hiyo, mkuu wa chekechea akaendesha basi mwenyewe, na mtoto wa miaka mitatu akabaki ndani kwa takriban saa tano. Tangu Aprili 2023 mabasi ya chekechea nchini humo yanatakiwa kuwa na kifaa cha usalama, ama chenye kitufe cha nyuma ama chenye vihisi.

Kitufe cha nyuma ya basi kina faida moja juu ya kengele ya dashibodi. Kengele ya dashibodi humwambia dereva aangalie, naye anaweza kupuuza. Kitufe humlazimisha kwenda kuangalia.

Katika Afrika ya Mashariki

Magari mengi ya familia nchini Tanzania, Kenya na Uganda huingizwa yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani. Idadi kubwa ya yaliyoko barabarani yalitengenezwa kabla ya mwaka 2016, kwa hiyo hayana kikumbusho chochote. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotimiza zaidi ya miaka minane, hivyo magari yenye mfumo huu yanazidi kuonekana huko mwaka hadi mwaka.

Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani mara nyingi huandika ujumbe wake kwa Kijapani. Dereva asiyesoma lugha hiyo husikia mlio bila kujua maana yake, na anaweza kuudhania kuwa ni onyo la taa au la mkanda. Anayenunua gari la namna hiyo anaweza kulijaribu kwa njia rahisi: afungue na kufunga mlango wa nyuma, awashe gari, aendeshe mwendo mfupi, kisha alizime na kuangalia kama kuna mlio na ujumbe. Halafu aliwashe na kulizima tena bila kugusa mlango wa nyuma. Likinyamaza safari ya pili, atajua kwamba mlio huo hufuatilia mlango.

Hali ya hewa ya pwani huongeza hatari. Dar es Salaam na Mombasa joto la mchana kati ya Desemba na Machi hufika mara kwa mara 31 °C au zaidi. Gari likianza na joto hilo, dakika chache juani zinatosha kulifikisha zaidi ya 40 °C.

Magari ya shule ni jambo la kuangaliwa kipekee. Watoto huamshwa alfajiri, husinzia njiani, na katika gari dogo lililojaa mtoto anaweza kuteleza kati ya viti asionekane. Mahali pasipo na kengele ya nyuma, matroni anaweza kuhesabu watoto wanapopanda na wanaposhuka, kuandika idadi zote mbili, na kutembea hadi kiti cha mwisho kabla milango haijafungwa.

Njia za kuzuia bila mfumo

Wataalamu wa usalama wa watoto hushauri mambo yafuatayo, ambayo hayahitaji kifaa chochote na yanafaa hata kwa mwenye gari lenye kikumbusho:

- Kufungua mlango wa nyuma na kuangalia kila gari linapoegeshwa, hata siku ambayo mtoto hayupo, ili iwe desturi.
- Kuweka nyuma kitu ambacho dereva hawezi kuondoka bila yeye kukichukua, kama vile mkoba, simu, kitambulisho cha kazini au kiatu cha mguu wa kushoto.
- Kuweka mwanasesere kwenye kiti cha mtoto kikiwa kitupu, na kumhamishia kiti cha mbele mtoto anapopakiwa, ili dereva amwone.
- Kukubaliana na shule au mlezi kwamba mtoto asipofika kwa wakati bila taarifa, mzazi apigiwe simu mara moja.
- Kufunga milango ya gari na buti hata nyumbani, na kuweka funguo mbali na watoto.
- Mtoto akipotea nyumbani, kuangalia kwanza visima, mapipa na madimbwi ya maji, kisha ndani ya magari yote na kwenye buti.

Anayemkuta mtoto peke yake katika gari lililofungwa anapaswa kuita msaada mara moja: namba 112 nchini Tanzania, na 999 au 112 nchini Kenya. Mtoto akiwa amelegea au haitiki na mlango haufunguki, kioo kilicho mbali naye kivunjwe. Baada ya kutolewa apelekwe kivulini, avuliwe nguo za ziada, amwagiwe maji ya kawaida mwilini, apepewe na kuwahishwa hospitali. Mtoto asiye na fahamu asinyweshwe kitu.